Fundi wa Shingo za Mende

Mende jike aliyetolewa tezi zake hatagi. Hilo Fundi alilijua kama anavyoijua njia ya kwenda jikoni kwake. Ndiyo maana Jumanne asubuhi, alipoinua kifuniko cha chupa namba saba akakuta kifuko cha mayai kimelala juu ya karatasi, kahawia na kimenona kama haragwe lililodondoka kwenye gunia, alikifunika tena upesi na kutazama mlangoni kama mwizi.

Hakukuwa na mtu. Akafungua namba nane, akakuta kifuko. Namba tisa hakuna, moyo ukatulia kidogo. Namba kumi, viwili.

Majike ishirini wa rafu ile aliwapasua mwenyewe wiki nne zilizopita. Aliwalaza kwenye barafu mpaka wakalegea, akawakata ngozi laini ya shingo, akaingiza kibano chembamba kuliko unywele, akatoa tezi mbili kwa kila mmoja, akaziba kwa tone la nta. Wengine ishirini wa rafu ya chini aliwafanyia operesheni ya kudanganya: aliwakata na kuwaziba vilevile, tezi akaziacha mahali pake. Wa chini walitakiwa watage. Wa juu walitakiwa wakae kama watawa.

Aliendelea mpaka chupa ya mwisho. Kati ya majike ishirini wa juu, kumi na wanne walikuwa wametaga.

Asiyeijua kazi hii atauliza kelele zote hizi za nini kwa mende, mdudu ambaye watu humpiga kandambili bila hata kusimamisha mazungumzo. Basi aelezwe. Ubongo wa mende ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini unatawala kama mama mkwe. Nyuma yake, zikining'inia kwenye nyuzi za neva, kuna tezi mbili, moja kushoto na moja kulia, kila moja ni ndogo kama chembe ya chumvi. Ubongo ukiridhika kwamba tumbo limeshiba, joto linatosha na dume limeshapita, huziruhusu tezi zimwage homoni kwenye damu. Homoni husafiri mpaka kwenye mafuta ya tumboni, nayo mafuta huanza kupika kiini cha yai, na damu hukibeba kiini hicho mpaka kwenye mayai yakanenepa. Ubongo ukigoma, tezi hunyamaza na mayai hubaki kama vumbi. La ajabu ni kwamba homoni hiyohiyo, mende akiwa bado mtoto, ndiyo inayomzuia asikue. Akishakua, ndiyo inayomfanya mama.

Kwa hiyo ukiziondoa tezi umeukata mkono wa ubongo. Vitabu vyote vinasema hivyo. Daktari, mkuu wa maabara ile, ndiye aliyekuwa na swali lake la kiherehere: je, ubongo hauna njia ya pili ya uchochoroni ya kuyafikia mayai? Wenzake walikuwa wakimcheka kwa swali hilo kwa miaka mitatu.

Daktari alipoingia saa mbili na nusu, Fundi hakuwa na la kuficha. Vifuko vya mayai havifichiki. Daktari aliinua kifuniko cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, mwenye tabia ya kuongea na chupa.

"Kumi na wanne," alisema. "Fundi, kumi na wanne kati ya ishirini."

"Nimewaona, Daktari."

"Bila tezi."

Daktari akageuka akamtazama, na katika uso wake mlikuwa na furaha ya mtu aliyechekwa miaka mitatu. Aliuliza kama mtu anavyouliza jambo ambalo jibu lake analijua.

"Una hakika ulizitoa?"

"Nina hakika," alisema Fundi.

Neno lilitoka kabla hajalipima. Miaka ishirini na minne amekuwa akiulizwa swali hilo na jibu limekuwa hilohilo, ulimi ulijiendea wenyewe. Daktari alishapanda ngazi kwenda ofisini kwake, ngazi mbilimbili, na kutoka juu sauti yake ikasikika kwenye simu ikisema kwamba ripoti itatumwa Ijumaa saa sita mchana, hapana, haiwezi kungoja wiki ijayo.

Fundi alibaki na chupa zake.

Ieleweke kwamba mama huyu hakuanza kazi kwa hadubini. Alianza kwa ufagio. Alikuwa mfagizi wa jengo lile, mjane wa mume wa kwanza, kabla hajaolewa tena, na mchana alikaa ngazini akitarizi foronya. Profesa mzee aliyeanzisha maabara alipita siku moja akainama kuangalia mshono, akainama zaidi, mwisho akapiga goti. "Unaweza kufanya hivyo kwenye kitu kinachocheza?" aliuliza. "Nina watoto wanne, Profesa," alijibu. "Nyumbani kwangu hakuna kisichocheza."

Baada ya miezi sita alikuwa amewapita wanafunzi wote kwa mkono. Wao walikuwa na vyeti na vidole kama ndizi. Yeye alikuwa na darasa la saba na mkono usiotetemeka hata akipiga chafya. Wifi yake mpaka leo humwita Mama Mende na hukataa kunywa maji kwake, lakini huyohuyo wifi akiwa na wageni huwaambia kwamba wifi yake ni daktari wa upasuaji.

Profesa aliacha kanuni imebandikwa ukutani: kila mende aliyepasuliwa, jaribio likiisha, afunguliwe tena, aangaliwe kama kweli tezi zilitoka. Walifungua kwa miaka kumi na zaidi, hawakukuta hata moja iliyosahaulika. Daktari alipokabidhiwa maabara alichukua kalamu akaipiga kanuni hiyo mstari. Akishapasua Fundi, alisema, kumfungua tena ni kupoteza muda. Siku ile Fundi alikwenda nyumbani akitembea kama mwenye viatu vipya. Mtu akikuamini kiasi hicho, unamwambiaje baadaye kwamba huna hakika?

Maana ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kusumbuka. Ndani ya shingo ya mende mmejaa mafuta, meupe kama maziwa. Tezi nayo ni nyeupe, ila weupe wake una bluu ya mbali sana, kama shuka lililosuuzwa kwenye maji yenye tone la bluu ya kufulia. Kupitia kitundu kile kidogo, kwenye maji ya mwili, umbo halionekani vizuri. Kinachokuongoza ni ile bluu. Na kwa muda sasa Fundi alikuwa akihangaika na taa, akiilaumu balbu, akiomba balbu mpya, akabadilishiwa mara tatu, akailaumu na hiyo mpya.

Jumanne hiyo jioni alimkuta mumewe sebuleni, suruali imejaa madoa. Mumewe ni mpaka rangi, na nyumba ya mpaka rangi, kama ijulikanavyo, ndiyo hupakwa mwisho. Safari hii alikuwa amepania. Alikuwa amepaka mabaka mawili ukutani, kila moja ukubwa wa sinia.

"Chagua, mama watoto. Nisije nikapaka halafu ukanuna mwaka mzima."

"Nichague nini? Si nyeupe zote?"

Mzee akacheka. "Haya, utani weka pembeni. La kushoto au la kulia?"

"Baba watoto, nimechoka. Paka yoyote. Ni nyeupe."

"Hili la kulia hata kipofu anaona ni bluu," alisema mumewe, bado anacheka, kisha akaona uso wa mkewe akaacha kucheka.

Fundi alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Alitazama baka la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Mzee alimshika kidevu kwa mkono unaonuka tapentaini, akamgeuzia dirishani ambako jua lilikuwa bado lipo, akamchungulia macho kama achunguliavyo mbao kabla ya kupaka.

"Kuna ukungu humo. Yote mawili. Huu ni mtoto wa jicho, dada yangu alikuwa nao. Hospitalini waliutoa, akakaa siku mbili na bandeji, akarudi anahesabu vumbi kwenye kabati langu."

"Usimwambie mtu."

"Mficha uchi hazai, mke wangu."

"Na asiyeficha anarudi kwenye ufagio," alisema Fundi, akaingia chumbani akafunga mlango.

Kilichomkaba hakikuwa macho. Macho yanatibika. Kilichomkaba ni kwamba Daktari alikuwa anaandika, wakati ule ule, kwamba ubongo una njia ya uchochoroni, na huenda njia yenyewe ilikuwa ni bibi mmoja aliyekuwa akitoa mafuta akidhani ni tezi. Akisema, anabomoa furaha ya mtu na kiti chake mwenyewe pamoja. Asiposema, uongo unasafiri Ijumaa saa sita mchana ukiwa umebeba kazi ya mkono wake. Na bado alikuwa na tumaini dogo, tumaini la kitoto: labda alizitoa. Labda Daktari yuko sahihi na vitabu vyote vimekosea. Mbona imewahi kutokea?

Jumatano alifika kabla ya watu. Alitaka kujipima. Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye kanuni za ukutani, alilifundishwa na mikono yake: mafuta ya mdudu ukiyatia kwenye kijisahani cha maji ya chumvi, yanaelea. Tezi inazama. Zamani alikuwa akijipima hivyo kila asubuhi, mpaka siku kanuni ilipopigwa mstari naye akaona haya kuendelea kujishuku.

Akamlaza kwenye barafu jike mmoja wa akiba, ambaye hajawahi kupasuliwa. Akasubiri miguu ilegee. Akakata shingo, na mkono ulikuwa uleule, mwepesi, hauna wasiwasi wowote, jambo ambalo lilimuumiza zaidi. Akatazama ndani. Nyeupe, na nyeupe, na nyeupe. Akachagua kipande cha kushoto ambacho angeapa ni tezi, akakitia kwenye kijisahani.

Kikaelea.

Akachukua cha kulia. Kikaelea nacho. Akavisukuma chini kwa ncha ya kibano, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, navyo vikapanda juu tena. Akamchukua jike wa pili. Safari hii kimoja kilizama, lakini hakufurahi, maana alipokitoa hakuwa ametofautisha chochote. Alikuwa amebahatisha. Miezi mingapi amekuwa akibahatisha?

Alipanda ngazi mara mbili siku hiyo. Mara ya kwanza Daktari alikuwa kwenye simu akampungia mkono. Mara ya pili alimkuta anatembea chumbani huku karatasi zimetapakaa mezani, akamvuta ndani mwenyewe.

"Njoo uone kitu. Hapa juu. Soma."

Fundi akasema hakuja na miwani yake ya kusomea. Ilikuwa mfukoni.

"Nimeandika jina lako. Si kwenye shukrani kule mwisho, hapa juu, pamoja na langu. Nimewaambia hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kupasua majike ishirini asiharibu hata mmoja. Wakitaka wabishe, waje waone mkono wako."

Mfagizi mwenye darasa la saba, jina lake mbele ya ripoti. Fundi alisema asante. Alishuka ngazi akashika ukuta, na jioni hiyo alipita mbele ya mumewe bila kuitikia salamu. Mzee naye, kwa hekima ya watu wanaofanya kazi na ngazi ndefu, hakumsukuma.

Hakulala vizuri, na asubuhi ya Alhamisi alivaa gauni lake la harusi za watu, lile la kola, kwa sababu kama ni kufukuzwa, bora afukuzwe amevaa vizuri. Alimkuta Daktari amekaa, kalamu mdomoni.

"Daktari, wafungue wale majike."

"Majike gani?"

"Wa rafu ya juu. Wafungue shingo, uangalie mwenyewe kabla hujatuma."

"Fundi, tuliacha hayo zamani. Na kesho saa sita nina..."

"Sioni bluu," alisema Fundi.

Daktari alitoa kalamu mdomoni.

"Nina mtoto wa jicho. Mafuta na tezi naona kitu kimoja. Jumanne uliponiuliza kama nina hakika, nilikudanganya. Sikukudanganya kwa kukusudia, lakini nilikudanganya. Jana nimejipima kwenye maji ya chumvi. Nimetoa vipande vinne, vitatu vimeelea."

Alilisema lote kwa pumzi moja, amesimama, mikono imeshikana mbele kama mwanafunzi. Kisha Daktari alinyanyuka na hasira zake, zikamtangulia mlangoni. Alisema mambo ambayo mtu mwenye adabu hayarudii, kuhusu miaka mitatu, kuhusu watu wanaomcheka, kuhusu kungoja mpaka Alhamisi. Fundi hakujitetea. Alimfuata chini.

Daktari alikaa mwenyewe kwenye hadubini. Alimtia jike wa chupa namba saba kwenye barafu, akakata shingo, akakata vibaya, kichwa kikatoka chote na kila kitu kikavurugika. Akamchukua wa namba nane, akamharibu naye. Jasho lilimtoka. Mtu huyu alikuwa anajua kila kitu kuhusu tezi zile isipokuwa namna ya kuzifikia.

"Hama," alisema Fundi. "Mimi nafungua, wewe angalia."

Wakabadilishana viti. Akakata namba kumi kwa kipimo kilekile cha siku zote, akaipanua shingo wazi kabisa mpaka umbo likaonekana, akamsogezea Daktari kijisahani chini ya lenzi. Daktari akainama.

"Ipo," alisema. Baada ya kitambo: "Zote mbili. Zimenona."

Namba kumi na moja: ipo. Kumi na mbili, ya kushoto ipo, ya kulia haipo. Walipomaliza wote waliobaki, walikuwa wamehesabu majike watatu tu waliotolewa zote mbili. Wale watatu hawakuwa wametaga. Vitabu vilikuwa sahihi, ubongo haukuwa na uchochoro wowote, na Daktari aliegemea kiti akatazama dari.

Fundi alingoja aambiwe achukue mkoba wake. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, ndiyo sababu ya gauni. Hakujiandaa kwa swali lililokuja, nalo lilikuja kwa upole, hasira zote zimeisha.

"Tangu lini, Fundi?"

"Sijui."

"Mwaka jana wote tulikuwa tunawaua siku ya tatu, kabla yai halijaiva, tupime mafuta yao. Matokeo yakawa yanayumba. Niliandika kurasa nne kueleza kwa nini yanayumba." Alipitisha mkono usoni. "Na mwaka juzi? Yule binti aliyepata shahada yake kwa majike uliompasulia wewe? Je, yeye?"

Fundi alikuwa amefikiria kiti chake, na Ijumaa, na furaha ya mtu mmoja. Hakuwa amefikiria kurudi nyuma. Binti yule alimletea kitenge siku ya kuhitimu, akamwita mama mbele ya wazazi wake.

Kwenye kabati la ukutani, nyuma ya milango ya vioo, majike wote waliomaliza kazi walikuwa wamehifadhiwa kwenye spiriti, kila mwezi chupa yake na lebo yake. Hakuna aliyewahi kuwarudia. Daktari alifungua kabati, Fundi akavuta chupa ya kwanza bila kuambiwa, ya mwezi uliopita, na kazi ikaanza upya: yeye akikata, Daktari akiangalia, wakirudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Kwenye spiriti kila kitu huwa cheupe kwa kila mtu, lakini tezi hubaki na uduara wake, na macho mazima huuona.

"Ipo."

Chupa ya nyuma yake. "Ipo."

Kila neno lilimwingia kama mwiba, na kila mara aliandika mwenyewe kwenye daftari kwa herufi kubwa, kisha akavuta chupa nyingine. Miezi mitano. Miezi minane. Kwenye wa kumi na moja Daktari alisema, "Moja ipo, moja haipo." Wa kumi na mbili ukawa hivyohivyo. Adhuhuri ikapita, simu ya juu ikalia mpaka ikachoka, hakuna aliyekwenda kuipokea. Wa kumi na tatu: moja ipo.

Chupa ya kumi na nne ilikuwa ya mwezi mmoja tu baada ya kazi ya yule binti kwisha. Fundi alimtoa jike, akamkausha kwa ncha ya karatasi, akakata, akapanua, akasukuma kijisahani. Daktari aliinama akakaa muda mrefu kuliko kawaida. Alirekebisha lenzi. Akageuza kijisahani upande wa pili.

"Haipo," alisema.

"Ya wapi?"

"Zote mbili. Hakuna kitu. Pasafi kabisa, Fundi."

"Angalia tena."

"Nimeangalia mara mbili."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, akiwa na kibano mkononi, na Daktari hakujua la kufanya na mikono yake akamshika bega. Alilia mpaka akamaliza. Kisha akajifuta kwa kola ya gauni, akaandika haipo kwenye daftari, akaingiza kibano kwenye chupa ileile kumtoa jike wa pili, kwa sababu mmoja hatoshi kuthibitisha kitu.